Ua Nililolipiga Picha kwa Haraka

Kazi yangu ni kuandika majina. Mtoto akiletwa kubatizwa, mimi ndiye ninayefungua kile kitabu kikubwa na kuuliza: Jina la mtoto? La baba? La mama? Amezaliwa lini, na wapi? Wasimamizi ni akina nani? Wako wazazi wanaochoshwa na maswali hayo, hasa siku ya mvua, wakaniambia, "Karani, andika tu Maria, inatosha." Lakini haitoshi. Akina Maria wamejaa katika kitabu chetu, na baada ya miaka ishirini binti mmoja atakuja kutaka cheti cha ubatizo apate kufunga ndoa, nami au karani atakayenifuata itabidi ajue ni Maria yupi.

Mtu anayejua hayo angalipaswa kuwa mwangalifu na majina ya vitu vingine pia. Mimi sikuwa. Wapenzi wasomaji, naomba niwasimulie habari ya ua moja la porini, na jinsi nilivyolipa jina nisilolijua.

Katika parokia yetu kiko kigango cha juu kabisa, upande wa milima ya Uporoto, ambako asubuhi ya Juni majani huwa meupe kwa baridi. Watu wa huko hulima viazi mviringo na pareto. Chini ya kanisa palikuwa na kibonde chenye unyevu, yapata eka mbili, mali ya kigango, ambacho hakikupata kulimwa. Kila mwaka mvua zikikolea, kuanzia Desemba hata Machi, kibonde kile kilichanua maua ya rangi nyingi, na watoto waliotoka katekisimu walichuma ya kupamba altare.

Wenzetu wa Makete wanalo jina la nchi ya namna hii. Uwanda wa Kitulo, ulio juu yetu, wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 Serikali iliufanya hifadhi ya taifa, kilometa za mraba 413 hivi, na katika nchi za joto za Afrika ndiyo hifadhi ya kwanza iliyowekwa hasa kwa ajili ya mimea, wala si kwa ajili ya simba na tembo. Wataalamu wamehesabu huko namna 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini. Okidi ni jamii ya maua ambayo wengi wetu tunayapita njiani pasipo kujua kwamba yana jina.

Basi, kanisa la kigango lilikuwa linavuja. Mwaka 2019 halmashauri ya walei ikakutana, na mwenyekiti akasema: tulime kile kibonde, tupande viazi vya Machi, tuuze, tununue mabati. Wote wakakubali isipokuwa katekista. Yeye alisema, "Nasikia watu wanatoka mbali kuja kuyatazama maua ya Kitulo. Hatujui haya yetu ni yapi. Yumkini yako yasiyopatikana pengine. Tumwombe karani aangalie, maana yeye amesomea ualimu." Wakanigeukia. Nami, kwa kuwa nilisomea ualimu kweli, na kwa kuwa ilinipendeza kuitwa mtu anayejua, nikasema nitaangalia.

Nilikwenda Alhamisi moja ya Februari, saa nane, nina njaa, na pikipiki ya kunirudisha ikiningoja njiani. Maua yaliyokuwa mengi kuliko mengine yalikuwa ya rangi ya waridi, yamepangwa juu ya bua moja kama punje za mtama. Nikasimama, nikaelekeza simu yangu chini, nikapiga picha moja. Jioni nikailinganisha na picha za kitabu cha Kiingereza cha Cribb na Leedal juu ya maua ya milima ya kusini mwa Tanzania, kilichotolewa mwaka 1982. Nikapata ua la waridi linalofanana. Jumapili baada ya Misa nikatangaza: "Haya ni ya kawaida tu. Yapo kila mahali, hata njia ya Matamba."

Wiki iliyofuata ng'ombe wakaingia na plau.

Sikufanya hivyo kwa ubaya, na mabati yalipatikana, nisiwafiche. Kanisa halivuji. Mimi mwenyewe nilijivuna kidogo, ndipo nikaituma picha ile kwa mwalimu mmoja wa elimu ya mimea, niliyepewa namba yake na rafiki, nikiandika jina nililolipata kitabuni na kumwomba athibitishe. Nilitaka anisifu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Sioni mkia wa ua. Sioni majani. Sijui mdomo uko juu au chini. Hii yaweza kuwa Satyrium, yaweza kuwa Disa, na rangi haisaidii. Rudi ukapige tena, kwa ubavuni."

Nikarudi. Palikuwa na matuta ya viazi.

Tangu siku ile nimejifunza mambo ambayo ningalipaswa kuyajua kabla ya kufungua kinywa, na naona si vibaya kuyaeleza hapa, maana siku hizi vijana wengi vijijini wana simu zenye kupiga picha, na wako watakaoulizwa kama nilivyoulizwa mimi.

Ua la okidi lina vipande sita: vitatu vya nje na vitatu vya ndani. Kimoja cha ndani kimegeuka kuwa namna ya peke yake, nacho huitwa mdomo. Okidi nyingi, chipukizi la ua likiwa bado changa, kikonyo chake hujisokota nusu mzunguko, hata mdomo ukawa chini, mahali ambapo mdudu anaweza kutua. Lakini Satyrium haifanyi hivyo. Mdomo wake hubaki juu, umejikunja kama kofia, na nyuma ya kofia hiyo huning'inia mikia miwili. Disa nayo ina kofia, tena ukiitazama kwa mbele waweza kudhani ni ndugu yake yule. Ila kofia ya Disa ni kipande cha nje, si mdomo, na kwa kawaida ina mkia mmoja tu. Habenaria ina mkia mmoja unaotoka kwenye mdomo ulio chini, mara nyingi mrefu na mwembamba, na maua yake mengi ni ya kijani au meupe, yamechanika kama vidole vya kuku. Huo ndio mwanzo tu. Ukiisha kujua ni ukoo gani, hujajua bado ni nani ndani ya ukoo. Hapo lazima upime urefu wa mkia, utazame majani yako mangapi na yameota wapi, kwa maana zipo namna ambazo bua lenye maua halina majani mapana, nayo majani huota juu ya chipukizi jingine pembeni. Asiyelijua hilo huondoka na picha ya ua bila majani yake, kama mtu aliyeandika jina la mtoto akasahau la baba.

Mkia si pambo. Katika okidi nyingi ndani yake mna asali, na urefu wake hulingana na ulimi wa mdudu anayekuja kunywa na kuondoka na chavua. Iko okidi ya Madagaska yenye mkia wa sentimeta 30 hivi. Mwaka 1862 Mwingereza Charles Darwin aliandika kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho, na watu wakacheka. Nondo huyo akaja kupewa jina lake mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufa. Mimi niliyesimama juu ya ua nikalipiga picha ya utosini nisingaliweza kulionyesha jambo hilo kwa mtu yeyote.

Mwalimu alinieleza jinsi ya kupiga. Nenda asubuhi, au siku ya mawingu, maana jua la mchana huunguza rangi ya waridi katika picha ikawa nyeupe. Piga mmea mzima pamoja na nyasi zake, kisha upige magoti. Hapo ndipo watu hushindwa, hasa wenye suruali safi. Piga ua kwa mbele, kwa ubavuni ili mkia uonekane, na kwa nyuma. Piga majani mpaka udongoni. Weka rula kando, au kalamu kama huna rula. Mimi huweka nyuma ya ua jalada jeusi la daftari la sadaka, ili nyasi zisichanganye macho. Andika mahali, tarehe, na kama pana maji au pakavu. Wala usiling'oe.

Nilimwuliza, kwa nini nisikaushe ua moja katika gazeti, nimpelekee, tumalize ubishi? Akasema hiyo ndiyo njia ya wazee wake, na bado ni njema penye ruhusa, lakini ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchuma, na mahali palipobaki mimea michache mtu hufikiri mara mbili. Tena kilichokaushwa nacho hupotea. Mwaka 1899 Mjerumani Walter Goetze alipita Uhehe, Ukinga na Rungwe akikusanya mimea kwa ajili ya Berlin, na mwaka huohuo akafa huku kwetu. Nyumba ya Berlin ilimohifadhiwa mimea mingi ya Afrika iliunguzwa na mabomu Machi 1943. Liko ua liitwalo Disa ukingensis, yaani la Ukinga. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilifurahi, kisha nikakumbuka kibonde chetu, furaha ikaniishia.

Na wasomaji wasidhani kwamba picha nzuri humaliza kila jambo. Wengi mmesikia habari ya kipunji. Wanyakyusa walikuwa wakimtaja huyo kima mwenye haya, na mwaka 2003 watafiti wakamwona katika Mlima Rungwe. Mwaka 2004 wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu na kupewa jina la kitaalamu kwa kutegemea picha, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwua mnyama adimu ili apate ngozi yake. Nilipenda sana habari hiyo. Kwa kumtazama katika picha walimweka katika ukoo wa kima uitwao Lophocebus. Baadaye mmoja akakutwa amekufa katika mtego wa mkulima, na mwili wake ulipochunguzwa ikaonekana ni jamaa wa karibu zaidi wa nyani, hata mwaka 2006 akaundiwa ukoo wake mwenyewe, Rungwecebus. Wataalamu wale walikuwa na picha nzuri kuliko yangu, tena walipiga zaidi ya moja, nao walirekebisha walichokuwa wamesema. Sioni aibu kwao. Aibu ni kwangu mimi niliyetangaza baada ya Misa.

Kijana mmoja wa kwaya aliwahi kunionyesha picha ya miti ya kusini mwa Marekani, matawi yamejaa ndevu za kijivu zinazoning'inia, akasema, "Tazama, ni kama msitu wa Rungwe." Zinafanana kweli. Lakini ndevu za miti yetu hazitoi ua kamwe. Ni kuvu na mwani walioungana kuishi pamoja. Zile za Marekani ni mmea wenye maua madogo sana, jamaa wa nanasi! Jamii hiyo yote ni ya Marekani, kasoro namna moja tu inayoota porini huko Guinea, na nanasi tunalolila lililetwa kutoka ng'ambo. Hata jina la kitaalamu la mmea ule maana yake ni kwamba unafanana na hizi ndevu zetu. Basi mtu akipiga picha ya mti mzima kwa mbali, atakosea bila shaka.

Sasa nije kwa bibi mmoja wa kigango, maana yeye ndiye aliyenisumbua moyo kuliko mwalimu wa mimea. Ni mzaliwa wa Ukinga, ameolewa huku, mjane. Kwa miaka mingi alichimba viazi vya okidi na kuwauzia wachuuzi wanaovipeleka Tunduma, navyo huvuka mpaka kwenda Zambia. Huko hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga, magadi na pilipili, huchemshwa mpaka vikashikamana, vikaliwa kwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda. Biashara hiyo si ndogo. Watafiti Davenport na Ndangalasi walichapisha mwaka 2003 kwamba kwa mwaka mmoja viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 hutoka Tanzania kwenda Zambia, na kwamba namna zipatazo 85 za okidi zaweza kuwa hatarini. Kila mmea huwa na viazi viwili, kimoja cha mwaka huu kinachonyauka, na kimoja kigumu cha mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kigumu. Akikichukua, mwaka ujao haupo. Tena mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani, haziwezi kuota pasipo kusaidiwa na kuvu wa udongoni. Huwezi kuzimwaga shambani kama ulezi.

Nilimwendea bibi huyo nikiwa na hasira ya mtu aliyekosa mwenyewe. Nikasema, "Kamwene, bibi. Nasikia ulikuwa unachimba katika kibonde cha kanisa."

"Kamwene, mwalimu. Ndiyo, nilichimba. Nilisomesha wajukuu wawili."

"Ulikuwa unachimba yapi?"

Akanieleza, na mimi nikaacha hasira nikatoa daftari. Alisema yalikuwa ya namna tatu za rangi ya waridi pale, si moja. Ya kwanza ilikaa kwenye maji, na majani yake yalishikana na bua. Ya pili ilikaa pembeni pakavu, majani mawili yamelala chini. Ya tatu ilichelewa, ilichanua wakati zile nyingine zimekwisha, na hiyo hakuichimba kwa sababu kiazi chake kilikuwa kidogo mno. Hakuyajua majina ya kitabuni hata moja. Ila aliyatenga kwa majani, kwa mahali na kwa majira, mambo yaleyale matatu ambayo mwalimu alikuwa ameniuliza nami nikakosa la kujibu.

Nikamwambia, kwa sauti ya karani, kwamba kuchimba kunamaliza maua. Nikamweleza hesabu ya watafiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mimi nilichimba miaka kumi na miwili, na kila mwaka watoto walipata maua ya altare. Ninyi mmelima siku mbili. Mmeacha mangapi?"

Sikumjibu. Nilikunywa chai yake nikaaga.

Sisemi kwamba bibi alifanya vema. Kila mchimbaji husema aliacha mengine, na penye wachimbaji mia moja husalia tope. Yeye mwenyewe anakiri kwamba alikoolewa zamani palikuwa na vibonde vitatu vya namna hiyo na viwili vilikwisha kabla ya plau yoyote kufika. Lakini swali lake lilikuwa la haki, nami ndiye niliyewaambia walei kwamba hakuna kitu pale.

Februari ya mwaka huu nilimwomba tufuatane. Karibu na chemchemi, mahali ambapo ng'ombe hawakuweza kugeuka, umebaki ukingo mwembamba usiolimwa, mrefu kama kanisa. Tukakuta mimea mitano imechanua. Nikapiga magoti katika matope, nikaweka rula na lile jalada jeusi, nikapiga picha saba za mmea mmoja. Mikia ilikuwa miwili, nikaihesabu kwa kidole. Mwalimu akajibu siku ya tatu kwamba safari hii hana shaka, ni Satyrium, na jina lake la pili akalitaja baada ya kuuliza urefu wa mikia. Nimeliandika. Walei wamekubali ukingo ule usiguswe, na katekista amepigilia vigingi.

Bibi alisema ile ni namna ya kwanza, ya majini. Ya pili na ya tatu hatukuziona.

Nilikuwa nimechukua ile picha ya zamani, niliyoisafishia mjini, ambayo hukaa ndani ya bahasha katika kabati la vitabu vya ubatizo. Nikampa, nikamwuliza, "Na hili, bibi? Ni la kwanza, au ni mojawapo ya yale mawili?" Akaishika mbali na macho, kisha karibu, akaigeuza upande.

"Mwalimu," akasema, "hapa ulisimama jua likiwa mgongoni. Majani yote umeyafunika kwa kivuli chako."

Akanirudishia. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka msalaba wa kanisa, tukapanda haraka kabla ya mvua.